Vikomo vya maunzi au tarehe ya mwisho? Kuchagua toleo la mfumo endeshi wa seva

Windows Server 2025 inaweza kutumia RAM hadi petabaiti 4. Windows Server 2022 inaishia TB 48, na Windows Server 2012 R2 inaishia TB 4. Mtu mwenye seva ya GB 128 akizisoma namba hizi atadhani ameonyeshwa tofauti, kumbe kwa mashine yake matoleo yote matatu ni sawa kabisa. Hata yule wa zamani zaidi ana nafasi mara thelathini ya anachohitaji.

Ndiyo maana hapa chini nalinganisha vikomo na kalenda, lakini sivipi uzito sawa. Kikomo cha juu cha mfumo wenyewe ndicho cha mwisho kuangaliwa. Yanayoamua kweli ni matatu: daraja la leseni, prosesa ya chini kabisa inayokubalika, na siku ambayo viraka vya usalama vitakoma.

Kwanza Windows, kama ilivyo kwa madaraja ya Standard na Datacenter:

| Toleo | RAM ya juu | Usaidizi wa kawaida unaisha | Viraka vya usalama vinaisha |
|---|---|---|---|
| 2012 R2 | TB 4 | 9 Oktoba 2018 | 10 Oktoba 2023 |
| 2016 | TB 24 | 11 Januari 2022 | 12 Januari 2027 |
| 2019 | TB 24 | 9 Januari 2024 | 9 Januari 2029 |
| 2022 | TB 48 | 13 Oktoba 2026 | 14 Oktoba 2031 |
| 2025 | PB 4 | 2029 | 2034 |

Kwa Linux nimebadilisha safu kwa makusudi. RAM ya juu haikusaidii kuchagua. Kerneli (moyo wa mfumo) na prosesa ya chini zinasaidia. RHEL ni Red Hat Enterprise Linux; x86-64 ni familia ya prosesa za biti 64 za Intel na AMD, na v2 na v3 ni viwango vyake vya juu zaidi.

| Toleo | Kerneli ya mwanzo | Prosesa ya chini | Usaidizi wa kawaida unaisha | Viraka vinaisha |
|---|---|---|---|---|
| RHEL 8 | 4.18 | x86-64 yoyote | Mei 2024 | Mei 2029 |
| RHEL 9 | 5.14 | x86-64-v2 | Mei 2027 | Mei 2032 |
| RHEL 10 | 6.12 | x86-64-v3 | Mei 2030 | Mei 2035 |
| Ubuntu 22.04 | 5.15 | x86-64 yoyote | 2027 | 2032, kwa usajili wa Pro |
| Ubuntu 24.04 | 6.8 | x86-64 yoyote | 2029 | 2034, kwa usajili wa Pro |
| Debian 12 | 6.1 | x86-64 yoyote | Juni 2026 | Juni 2028 |
| Debian 13 | 6.12 | x86-64 yoyote | Agosti 2028 | Juni 2030 |

Namba kubwa zinatoka wapi

Prosesa ya biti 32 inaweza kutaja anwani 4,294,967,296 za kumbukumbu, yaani GB 4. Baadaye ikaja mbinu ya PAE iliyopanua anwani halisi hadi biti 36, sawa na GB 64, lakini kila programu moja ilibaki imefungwa ndani ya GB 4 zake. Prosesa za biti 64 zilipoingia, hazikutumia biti zote 64: kwa miaka mingi anwani pepe (zile zinazoonwa na programu) zilikuwa za biti 48, ambazo ni TB 256. Prosesa mpya za seva zimeongeza ngazi ya tano katika majedwali ya kurasa za kumbukumbu, anwani pepe zikafika biti 57 na anwani halisi biti 52. Piga hesabu ya biti 52 utapata petabaiti 4. Kwa hiyo ile namba ya Windows Server 2025 ni mpaka wa prosesa. Seva isiyo na ngazi ya tano inaishia TB 256 kwenye mfumo uleule.

Upande wa Linux, kerneli haina daraja la kulipia linaloiwekea kikomo cha RAM. Red Hat kwa kawaida huandika namba mbili kwa kila toleo: kiasi walichokipima wenyewe kwenye mashine halisi, na kiasi ambacho kinadharia kerneli inaweza kukifikia. Wengi hunukuu ile ya pili kwa sababu ni kubwa zaidi. Ya kutegemea ni ya kwanza, maana ndiyo watakayoitetea ukiwapigia simu una tatizo.

Kikomo kinachouma kimo kwenye leseni

Mfano unaojulikana sana ni Windows Server 2008 R2. Daraja la Standard lilikubali GB 32 tu za RAM, wakati Enterprise na Datacenter zilifika TB 2. Mfumo ni uleule, maunzi ni yaleyale. Seva iliyofungwa GB 64 ikasakinishwa Standard ilionyesha GB 64 zimo, lakini nusu yake ilikaa bure. Kuanzia 2012 Microsoft iliondoa pengo hilo: Standard na Datacenter zina vikomo sawa vya maunzi, na zinachotofautiana sana ni haki za mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya seva moja. Leseni ya Standard inaruhusu mbili, Datacenter haina idadi.

Hata hivyo daraja dogo halikufa. Essentials ya 2016 na 2019 inaishia GB 64 na prosesa mbili, na imekusudiwa ofisi isiyozidi watumiaji 25 na vifaa 50. Ukikuta seva ya mitumba inauzwa "pamoja na leseni yake", uliza daraja kabla ya kuuliza toleo, usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia.

Leseni ina mtego mwingine kwa anayenunua prosesa yenye viini vingi (sehemu za kuchakata ndani ya prosesa moja). Tangu Windows Server 2016, leseni huhesabiwa kwa kiini: angalau viini 8 kwa kila prosesa na angalau 16 kwa kila seva, hata kama mashine ina vichache zaidi ya hapo. Ina maana prosesa moja ya viini 32 inadai leseni mara mbili ya ile ya viini 16. Mfumo hautakataa kuwaka, na ankara nayo haitakusahau. Wakati mwingine prosesa yenye viini vichache lakini vyenye kasi ndiyo nafuu, na hilo huwezi kuliona kwenye jedwali la vikomo.

Kisha kuna programu zinazokaa juu ya mfumo, ambazo kila moja ina vikomo vyake. SQL Server 2019, hifadhidata ya Microsoft, daraja la Standard hutumia hadi GB 128 kwa akiba yake kuu ya kumbukumbu na hadi viini 24. Iweke kwenye Windows inayokubali TB 24 ukiwa na RAM ya GB 512: hifadhidata haitaigusa sehemu kubwa ya RAM hiyo. SQL Server 2025 imepandisha vikomo hivyo hadi GB 256 na viini 32, na kwa mwenye hifadhidata kubwa hilo ni badiliko lenye maana zaidi kuliko safari yote ya Windows kutoka TB 4 hadi PB 4. Express, ile ya bure, iliishia GB 10 kwa kila hifadhidata kwa miaka mingi, na 2025 imefikishwa GB 50.

Kuna jambo moja la ndani ambalo wauzaji hawalitaji. Windows hugawa prosesa za kimantiki (kila kiini, au uzi wake, unaoonekana kwa mfumo kama prosesa) katika makundi ya hadi 64. Katika matoleo ya kabla ya 2022, programu isiyoandikwa kwa kuzingatia makundi hayo hubaki ndani ya kundi moja. Ukiwa na seva ya prosesa za kimantiki 128, programu kongwe inaweza kuzisukuma 64 hadi mwisho huku nyingine 64 zimekaa zinatazama. Kuanzia Windows Server 2022, programu huanza ikiwa na ruhusa ya kuenea kwenye makundi yote. Kama mashine yako ina viini vingi na programu zako ni za zamani, hii peke yake ni sababu ya kuipita 2019.

Diski nitazipitia haraka. Mpangilio wa zamani wa kugawa diski, MBR, huishia TB 2 kwenye diski za sekta za baiti 512. GPT, mpangilio mpya, inavuka hapo, lakini Windows itawaka kutoka diski ya GPT endapo tu mashine inatumia UEFI (programu ya kuwashia mashine iliyochukua nafasi ya BIOS). NTFS, mfumo wa faili wa Windows, yenye vipande vya kawaida vya KB 4 huishia TB 16 kwa juzuu moja, bila kujali toleo, na ukubwa wa vipande unaamuliwa siku ya kuumba juzuu. Kama unatarajia kuvuka hapo, chagua vipande vikubwa mapema. Wa Linux wana mfumo wa faili wa XFS, ambao RHEL imeufanya chaguo la msingi tangu toleo la 7, na kwa ukubwa wa kawaida hawana la kuhofia.

Kikomo cha chini

Hapa ndipo maamuzi mengi hukwama, hasa kwa wenye mashine za umri wa kati.

RHEL 9 inadai kiwango cha maelekezo ya prosesa kiitwacho x86-64-v2. Karibu kila seva iliyotengenezwa tangu 2009 inakifikia. RHEL 10 imepanda hadi x86-64-v3, ambacho kinahitaji seti ya maelekezo ya AVX2, na kwa Intel hiyo ilianza na kizazi cha Haswell cha 2013, kilichofika kwenye seva za Xeon E5 v3 mwaka 2014. Chukua Xeon E5-2600 v2, prosesa iliyojaa kwenye soko la seva zilizotumika: ina hadi viini 12, inabeba RAM nyingi, na kwa kazi za kawaida bado ina nguvu. Inaendesha RHEL 9 bila shida. RHEL 10 haitaanza kabisa. Pengo la kizazi kimoja cha prosesa hapa ni pengo la miaka mitatu ya viraka, kutoka 2032 hadi 2035.

Jamaa wa RHEL, yaani mifumo ya bure kama AlmaLinux na Rocky iliyojengwa kuifuata, hawakufuata wote njia ileile. AlmaLinux 10 imetoa pia toleo la ziada kwa x86-64-v2, na tangu 9.4 imerudisha viendeshi vya baadhi ya vidhibiti vya diski vya RAID na SAS ambavyo Red Hat iliviondoa. Mwenye seva ya zamani yenye kidhibiti kilichotupwa asiposoma hili atasakinisha RHEL au Rocky, kisha atashangaa kwamba programu ya usakinishaji haioni diski hata moja. Tahadhari ni kwamba vifurushi vya watu wengine vilivyoandaliwa kwa RHEL 10 hudhania v3, kwa hiyo toleo la v2 linafaa zaidi kwa anayetumia programu zilizomo ndani ya AlmaLinux yenyewe na hazina ya vifurushi vya ziada ya EPEL waliyoijenga upya.

Mashine pepe nazo zina kisa chao. Seva halisi inaweza kuwa mpya kabisa, lakini mashine pepe inaona tu aina ya prosesa iliyopewa. Proxmox (mfumo wa kuendesha mashine pepe) ya zamani iliipa mashine mpya aina ya kvm64, ambayo haifiki v2, na RHEL 9 ikakataa kuwaka juu ya maunzi yanayoiweza. Tangu Proxmox 8 aina ya msingi ni x86-64-v2-AES, ambayo inatosha kwa RHEL 9 lakini haitoshi kwa RHEL 10. Kabla ya kulaumu toleo, badilisha aina ya prosesa iwe "host", au v3 kama unahitaji kuhamisha mashine kati ya seva tofauti.

Windows Server 2025 inadai maelekezo ya prosesa ya SSE4.2 na POPCNT. Seva ambayo bado inafaa kuwekewa mfumo mpya inavyo tayari. Shida ya Windows kwa kawaida huja kutoka upande wa pili: mfumo wa zamani kwenye mashine mpya. Mtengenezaji wa seva hatoi viendeshi vya kadi mpya ya mtandao kwa toleo lililokwisha, kwa hiyo 2012 R2 inaweza kusakinika na ikakosa mtandao.

Debian na Ubuntu ndizo zenye huruma kwa prosesa kongwe za biti 64. Za biti 32 zimefika mwisho: Debian 13 haina tena kerneli wala programu ya usakinishaji kwa i386. Kwa upande wa maunzi mapya, Ubuntu LTS (matoleo ya usaidizi wa muda mrefu) hutoa kerneli mpya kwa toleo lilelile, hivyo 22.04 iliyoanza na 5.15 inaweza kutumia 6.8. Debian hukaa na kerneli yake hadi mwisho, ingawa mpya zaidi hupatikana kwenye hazina ya backports. Red Hat hubaki na namba ya zamani lakini hupachika viendeshi vipya ndani yake kila toleo dogo, kwa hiyo 4.18 ya RHEL 8 si ile 4.18 unayoifikiria.

Kalenda, na maana ya "kuisha"

Neno "mwisho" halina maana moja kwa wote. Microsoft hutoa takriban miaka mitano ya usaidizi wa kawaida, kisha mitano ya viraka vya usalama tu. Katika kipindi cha pili, hitilafu isiyo ya usalama haitarekebishwa. Windows Server 2022 inaingia kipindi hicho baada ya 13 Oktoba 2026. Kwa seva ya faili isiyobadilika hilo si neno. Kwa mfumo unaoendelea kujengwa ni sababu ya kwenda 2025. Baada ya vipindi vyote viwili kuna viraka vya kununua: kwa 2012 R2 vinaishia 13 Oktoba 2026, na bei yake haikuwekwa ili uipende.

Red Hat nayo hutoa miaka mitano kamili na mitano ya matengenezo. AlmaLinux na Rocky zinafuata kalenda hiyohiyo bila ada. Anayezitegemea akumbuke CentOS 8, iliyokuwa nakala ya bure ya RHEL: ilitoka 2019 ikitarajiwa kufika 2029, na tarehe 8 Desemba 2020 ikatangazwa kwamba itakoma 31 Desemba 2021. CentOS 7, ambayo ni kongwe zaidi, iliendelea hadi 30 Juni 2024. Tarehe ya toleo la bure ni ahadi tu, haina mkataba nyuma yake. Sisemi usizitumie, nazitumia. Ila weka mashine zako katika hali ambayo kuhama kwenda kwa ndugu mwingine ni kazi ya mchana mmoja.

Ubuntu ina jambo ambalo wengi hawalijui hadi wakaguzi wa usalama wafike. Miaka mitano ya LTS inahusu vifurushi vya hazina kuu. Vile vya universe, hazina ya jumuiya, ambavyo ni vingi mno, hupata ahadi ya viraka vya usalama kupitia Ubuntu Pro. Pro ni bure kwa matumizi binafsi na ya biashara ndogo hadi mashine tano, kampuni kubwa hulipa. Kwa hiyo ukilinganisha "Ubuntu hadi 2029" na "AlmaLinux hadi 2032", hakikisha kwanza programu unayoitegemea iko hazina gani. Matoleo ya katikati ya Ubuntu, yale yasiyo LTS, yana miezi tisa tu na sioni sababu ya kuyaweka kwenye seva.

Debian ni miaka mitatu na miwili: mitatu ya timu ya usalama yenyewe, miwili ya kikundi cha LTS. Ni muda mfupi kuliko wote hapa. Fidia yake ni kwamba kupandisha Debian toleo moja kwenda linalofuata ni kazi tulivu kuliko nyingi, mradi usiruke toleo.

Ziko pia tarehe ndogo ndani ya tarehe kubwa. SUSE, kampuni nyingine ya Linux, huhesabu kwa vifurushi vya huduma: SLES 15, mfumo wake wa seva, ina miaka mingi mbele, lakini kifurushi kikitoka kipya, kile cha nyuma hupewa takriban miezi sita. RHEL ina mtindo kama huo kwa matoleo madogo, isipokuwa ununue nyongeza ya kubaki. Seva ya "RHEL 9" iliyogandishwa kwenye 9.1 haipati viraka sasa, hata kama jedwali linasema 2032.

Ningechagua nini

Seva mpya ya Windows: 2025, isipokuwa muuzaji wa programu yako ameandika kwamba anaunga mkono 2022 tu. Tofauti ya miaka mitatu ya viraka kwa leseni ya kununua mara moja si ya kuachia. Aliye kwenye 2016 asingoje yamfike maji ya shingo Januari 2027. Windows Server 2025 inaruhusu kupandisha moja kwa moja kutoka 2012 R2 na kuendelea bila kusakinisha upya, ingawa kwa seva ya saraka ya watumiaji bado ningejenga mpya pembeni na kuhamisha majukumu.

Seva mpya ya Linux itakayoachwa ifanye kazi miaka mingi bila kuguswa: AlmaLinux au Rocky 10, au RHEL 10 ukihitaji mtu wa kupigiwa simu. Ikiwa programu unayoitumia bado haijathibitishwa kwa 10, chukua 9 bila kinyongo. 2032 si karibu. Seva iliyotumika yenye prosesa ya kabla ya Haswell: AlmaLinux 9 kwanza, Debian 13 pili kama uko tayari kuipandisha kabla ya katikati ya 2030. Ubuntu 24.04 ningeiweka pale ambapo maunzi ni mapya mno kwa wengine au timu inaifahamu tayari.

RHEL 7 au CentOS 7 inayofanya kazi hadi leo ndiyo kazi ya kwanza kwenye orodha. Zana ya Leapp hupandisha toleo kubwa moja kwa wakati, 7 kwenda 8 na 8 kwenda 9, na kila hatua inaweza kukwama kwenye kiendeshi kilichoondolewa. Endesha kwanza ukaguzi wake wa awali, ambao haubadilishi toleo la mfumo. Ukaguzi huo ukikitaja kidhibiti chako cha diski kati ya vilivyoondolewa, acha kupandisha na upange mashine nyingine.